Zamu ya Ukurasa wa Mbele

Kwa miaka yote niliyofanya kazi jirani na Bwana Shamba sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake, na mimi sitaanza leo. Alishastaafu zamani ile kazi ya kuwafundisha watu kulima pamba, lakini hapa Bariadi cheo kikikuganda hakikutoki, hata serikali ikikuaga kwa barua na mhuri. Mtoto wa kaka yake alikuwa na duka la pembejeo sokoni, ukuta mmoja na cherehani yangu. Huko nyuma, kati ya magunia ya mbegu na mabomba ya kupulizia dawa, mzee aliwekewa meza, kompyuta ndogo iliyong'oka kitufe kimoja, na benchi la wateja. Wateja wale hawakuja kuuliza habari za pamba. Walikuja na tovuti zao zilizougua.

Najua inachekesha. Mimi mwenyewe nilicheka mwaka mzima. Lakini shule, kwaya, zahanati za watu binafsi na wauza mchele, wote walikuwa wametengenezewa tovuti na vijana wa Mwanza au wa Dar, na wale vijana wakishamaliza hubadilisha namba ya simu. Tovuti ikilala, hakuna wa kumwita. Bwana Shamba alikuwa anasema anayetengeneza tovuti na anayeitunza ni watu wawili, kama vile anayezaa siye lazima anayelea. Yeye alikuwa mlezi. Alichapa kwa vidole viwili tu, polepole, na kabla ya kubonyeza cha mwisho alikuwa anakitazama kwanza kama mtu anayechagua papai.

Mtu wa kawaida akikuta tovuti yake imetoa maneno ya Kiingereza katikati ya ukurasa mtupu, huifunga haraka, utadhani amefungua mlango wa bafu na kukuta mtu ndani. Bwana Shamba alikuwa anavua kofia. Kweli kabisa. Anavua kofia, anaiweka gotini, anasoma lile kosa kwa sauti tangu neno la kwanza hadi namba ya mstari iliyoko mwishoni, kisha anasema, "Mhola," yaani amani, kama anavyojibu salamu ya mtu.

"Kosa linalojieleza ni mgeni aliyepiga hodi," aliniambia. "Mwogope yule wa ukurasa mweupe, asiyesema kitu. Huyo amepitia dirishani."

Kosa lililokuja mara nyingi kuliko yote lilikuwa la memori. Tovuti imeruhusiwa kiasi fulani cha kufanyia kazi, kimekwisha, inaomba kidogo tena, inanyimwa, inaanguka. Siku moja alikuja mkuu wa shule, amefunga tai kwenye joto lile, ana hasira kwamba matangazo ya shule hayafunguki na wazazi wanampigia simu. Mimi nilikuwa napindapinda sketi za wanafunzi wake hao hao, nikasikia kila kitu.

"Mwalimu, una ng'ombe?" Bwana Shamba akamuuliza.

"Ninao sita, wako nyumbani Lalago. Lakini mimi nimekuja kwa habari ya tovuti."

"Wanakunywa wapi?"

"Lambo la kijiji."

"Peke yao?"

"Aa, na wa watu wote."

"Siku ukipeleka mia tano?"

"Watanifukuza!"

"Basi. Tovuti yako haina seva yake. Imepangishwa kwenye seva moja na tovuti za watu wengi usiowajua, wenyewe wanaita shared hosting. Lambo moja. Mwenye lambo amemweka mtu pale pa kuingilia, kila mmoja ana idadi yake, ukizidisha unarudishwa. Hilo kosa unaloliona ni yule mtu wa pale pa kuingilia. Hakuchukii, yuko kazini."

"Si umwambie aniongezee?"

"Nitamwambia. Ila kwanza nataka nijue kwa nini una kiu namna hiyo."

Mkuu wa shule alilegeza tai, akakaa kwenye benchi. Baadaye alinunua na mbegu.

Na kweli kazi ya Bwana Shamba ilikuwa hiyo, kutafuta kiu. Kuna faili moja la mipangilio ambapo unaweza kuandika namba ya memori unayoitaka. Mafundi wengine wakishaandika namba kubwa hapo wananawa mikono. Yeye alisema kwenye seva ya kushirikiana kuandika namba tu ni sawa na kujiandikia mwenyewe barua ya kupandishwa cheo, kwa sababu mwenye seva ana namba yake juu ya yako. Kwa hiyo aliandika, halafu akaingia kwenye akaunti kuangalia kama imekubaliwa kweli, halafu akaanza kuzima vile vipande vya nyongeza, plagini, vyote. Kisha anawasha kimoja. Anafungua tovuti. Anawasha cha pili. Anafungua tovuti. Ungemkuta saa nne asubuhi, ungemkuta saa tisa, bado anawasha kimoja kimoja, na kikombe cha chai kimeota utando. Alivyokuta plagini za zamani ambazo hakuna anayezitumia alifurahi kama aliyeokota kitu.

"Masalia!" alikuwa anasema. "Mwaka mzima nilikuwa naimba vijijini, ng'oeni masalia ya pamba, chomeni, ndiyo yanayolea wadudu wa mwakani. Hawakunisikia. Na hawa nao hawasikii."

Kila alichokigusa alikiandika kwanza kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Tarehe, tovuti ya nani, kilikuwaje, nimekifanyaje. Hakubadilisha hata namba moja bila kuandika ilivyokuwa. Nilimtania kwamba kompyuta nzima iko mezani na yeye anaandika kwa kalamu ya wino. Hakucheka. Ndipo aliponisimulia kwamba tovuti ya kwanza aliyowahi kuishika ilikuwa ya kwaya. Aliifuta yote siku moja mchana, picha na nyimbo za miaka mingi, akidhani anafuta takataka, na hapakuwa na nakala popote. Alikwenda mwenyewe kwenye mazoezi ya kwaya, akasimama mbele, akasema ni mimi. "Walinisamehe palepale," alisema, "halafu wakaanza kuimba. Afadhali wangenipiga." Tangu siku hiyo nakala kwanza, kazi baadaye, na huwezi kumtoa hapo hata kwa trekta.

Msidhani alikuwa malaika. Huyu mtu aliyewafundisha wakulima kupanda kwa kamba na vipimo, shamba lake mwenyewe mistari ilikwenda kama ng'ombe walevi. Aliwakemea wateja wanaopandisha picha kubwakubwa kwenye tovuti, "picha ya mkutano ina uzito wa lori!", na simu yake yeye ilikuwa imejaa mpaka haipokei ujumbe. Imejaa nini? Majani ya pamba. Maelfu. Majani yaliyotobolewa, yaliyojikunja, vitumba vyenye funza, maua yaliyodondoka kabla ya siku zake. Nilimwambia afute. Akaniambia kila moja ni mgonjwa tofauti. Na kitufe kikimtoka shatini alikuwa anasubiri wiki nzima aibu imzidi ndipo avuke ule ukuta kuja kwangu, akisema, "Fundi, nina kosa hapa kifuani."

Katika maelfu yale ya picha, mkewe alikuwamo kwenye moja.

Mkewe ndiye aliyekuwa mkulima hasa. Yeye Bwana Shamba alipima, mama alilima, na mzee mwenyewe alimwita Mwenye Shamba bila utani. Alikuwa mteja wangu, mama mmoja mrefu, mwepesi wa kucheka, asiyekuja kukudai nguo kabla ya siku. Siku hiyo Bwana Shamba alikuwa anapiga picha kitumba kilichotobolewa, mkewe akamshikia tawi lisitikisike, na katika kupiga akajikuta amempata na yeye, ameinua uso anamcheka. Ni hiyo tu. Mama alipofariki, ile picha ilipelekwa kwenye tovuti ya chama. Msimu uliofuata simu ikamdondokea lamboni, majani yote yakaenda na maji. Picha ya mkewe ikabaki kwenye tovuti peke yake, na kwenye nakala alizochukua mwenyewe kutoka hukohuko.

Hapo inabidi niseme habari za chama. Sisi watu wa Shishiyu tunaoishi Bariadi tuna chama cha kufa na kuzikana, na mimi ni katibu wake, kwa kosa moja tu la kuwa na mwandiko mzuri. Watoto wetu wametawanyika, Dar, Arusha, Mbeya, wengine nje ya nchi, wakaomba tuwe na tovuti ya marehemu wetu, kila mmoja na picha yake na wasifu wake. Tukatengenezewa. Mke wa Bwana Shamba alikuwa wa kwanza kufariki baada ya tovuti kuanza, akawa wa kwanza kabisa juu ya ukurasa. Yeyote aliyeifungua, popote duniani, alikutana kwanza na ule uso unaocheka nyuma ya tawi la pamba.

Wa pili alikuwa mama yangu. Wasifu za watu wote niliziandika mimi. Nilikaa na wafiwa, nikauliza, nikaandika, wengine aya tano, wengine saba. Mama yangu nilimwandikia mistari miwili, jina na kijiji, nikasema nitamalizia. Siku aliyofariki nilikuwa Mwanza nafuata vitambaa, na nilipata simu asubuhi kwamba amezidiwa, nikasema nimalize kwanza mzigo. Nilifika wameshamfunika uso. Kila nilipokaa kuandika, kalamu ilikwenda hapo hapo, nikaacha. Bwana Shamba aliniambia mara moja tu, bila ukali, "Fundi, umewavalisha watu wote, mama yako umemwacha na khanga moja." Nilikasirika siku mbili.

Sasa kosa letu. Mkutano mkuu ulikuwa umepitisha, kwa kunyoosha mikono, kwamba marehemu wote wawe ukurasa wa kwanza. Wote, na picha zao kubwa, na wasifu mzima. Kijana aliyetutengenezea alijaribu kusema kwamba kuna ukurasa wa pili na wa tatu, akaulizwa na mzee mmoja, "Huo wa pili utamweka nani? Mama yako?" Kijana akaandika kama alivyoambiwa. Kwetu hata kwenye sherehe mtu ukimkalisha nyuma ya nyumba umemwambia kitu. Marehemu je, ambaye hawezi kunyanyuka kuhama kiti?

Bandu bandu huisha gogo. Kila msiba uliongeza picha, kila aliyefungua tovuti alisababisha seva iwakusanye marehemu wote kwa mpigo na kukata upya picha zao zote. Ikaanza kuanguka. Bwana Shamba akavua kofia, akasoma kosa, akapandisha namba ya memori kutoka megabaiti sitini na nne hadi mia moja ishirini na nane. Ikasimama. Baada ya miezi ikaanguka, akapandisha hadi mia mbili hamsini na sita, na hapo ndipo mwisho wa mwenye seva. Akang'oa masalia yote. Ikaanguka tena. Kisha kampuni inayotutunzia tovuti ikaniandikia kwamba tunawabana wapangaji wenzetu, ama tuhamie seva kubwa, ambayo chama chetu hakina ubavu nayo, ama tupunguze ndani ya siku saba. Tusipofanya hivyo watafunga.

Nilivuka ukuta na simu mkononi. Alisoma ile barua mara mbili.

"Wana haki," alisema. "Ng'ombe wetu wamekuwa mia tano."

"Na nakala tunazo?"

"Ninazo. Lakini nakala iko kwenye flashi ndani ya kopo la chai, mayu. Nani wa Mbeya ataliona kopo langu?" Mayu ni mama, ndivyo alivyoniita.

Tukaitisha mkutano Jumapili, baada ya watu kutoka makanisani, kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Bwana Shamba alieleza habari ya lambo, wakaelewa haraka kuliko yule mkuu wa shule. Shida haikuwa kuelewa. Alipofika kwenye neno ukurasa wa pili, darasa likalipuka.

"Yaya!" yule mzee wa siku ile akapiga fimbo sakafuni. "Haiwezekani. Kaka yangu hawezi kwenda nyuma."

"Hata dada yangu," mwingine akasema. "Alikaa jikoni maisha yake yote, leo nimrudishe jikoni?"

Mwenyekiti akajaribu kupendekeza waende kwa umri, wakamzomea. Kwa tarehe ya kufariki, wakamzomea. Kila mmoja alikubali lazima watu wapungue mbele, na kila mmoja alijua wa kupungua ni wa jirani. Nilimtazama Bwana Shamba. Alikuwa ameinamia kofia yake, anaizungusha ukingo kwa vidole vile viwili. Kisha akasimama.

"Aliyeko mbele kabisa ni wa kwangu," akasema. "Mtoeni huyo kwanza."

Watu wote wakamgeukia.

"Mnajua palizi ya zamu," akaendelea. "Leo tunalima kwa huyu, kesho kwa yule, na aliyekwisha kulimiwa anarudi mwisho wa foleni. Kuna mtu aliwahi kusema ametupwa kwa sababu leo si siku yake? Basi na hawa tuwawekee zamu. Kila siku mmoja anakaa mbele peke yake, picha yake kubwa, wasifu wake mzima. Wengine wanabaki kwa majina na picha ndogo, kumi kumi kila ukurasa, wanasogea. Wapya wataingia mwishoni. Wa kwangu amekaa mbele siku nyingi, amelimiwa vya kutosha. Kesho arudi mwisho."

Yule mzee wa fimbo ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mimi nilikuwa naandika muhtasari na sikuona karatasi vizuri.

Alifanya kazi siku tano. Alipunguza picha moja baada ya nyingine, na ya kwanza kuipunguza ilikuwa ya mkewe. Nilimkuta ameikuza mpaka imejaa kioo kizima, ameweka kidole juu ya kitufe, habonyezi. Nikarudi kwenye cherehani yangu nikamwacha. Siku ya sita tovuti ilifunguka kwa kasi ambayo hatukuijua, ikitumia memori chini ya nusu ya ile ya zamani. Kampuni ikatuandikia asante. Mbele alikuwa kaka wa yule mzee wa fimbo. Mke wa Bwana Shamba alikuwa ukurasa wa saba, picha ndogo kama stempu, na nyuma yake, wa mwisho kabisa, mama yangu, aliyemfuata tangu mwanzo.

Kuanzia hapo akawa na desturi mpya. Kila jioni aliwatumia ujumbe watu wa marehemu wa kesho, "Kesho zamu yenu," ili wasipitwe. Watu wa Dar waliamka wakafungua, wakaandika chini ya wasifu mambo ambayo wala sikuyajua. Na kila asubuhi alipita mlangoni kwangu, mimi nikipiga goti nusu na futi shingoni.

"Mwangaluka, Baba."

"Mwangaluka, mayu. Leo nani yuko mbele?"

Nikifungua simu na kumtajia, anatikisa kichwa, anakwenda mezani kwake. Nilidhani anakagua kama tovuti imeamka salama. Ilinichukua zaidi ya raundi moja kugundua kwamba alikuwa anahesabu. Foleni yetu ilikuwa ya watu sitini na kitu, na kila msiba mpya uliongeza siku moja ya kumsubiri mkewe. Tukirudi kutoka kuzika alikuwa ananiambia taratibu, "Foleni inarefuka." Paswedi zote alikuwa nazo yeye. Angeweza kumrudisha mbele siku yoyote aliyotaka, na hakuna ambaye angejua.

Siku ya zamu ya mkewe alikuwa hafanyi kazi. Anavaa shati jeupe, anakaa mezani na kompyuta iko wazi, akija mteja anamwambia arudi kesho. Kesho yake, siku ya mama yangu, mimi ndiye niliyekuwa sifungui tovuti. Nilijipa kazi za mbali. Alikuwa ananiona.

Macho yake yalianza kufifia polepole, presha ya macho, kwanza namba, baadaye nyuso. Alinikabidhi daftari na bahasha ya paswedi, akafunga kompyuta, akahamia kwa binti yake Migato. Duka la pembejeo sasa limejaza magunia mpaka pale mezani. Ujumbe wa jioni ninautuma mimi.

Mwezi uliopita, ilipofika zamu ya mkewe, nilifunga kibanda nikapanda bodaboda hadi Migato na michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kilo mbili, nikidhani nakwenda kumshtukiza. Nilimkuta amekaa nje kwenye kivuli cha ukuta, ameoga, amevaa shati jeupe na kofia. Hakuwa na simu, hakuwa na daftari. Alikuwa anahesabu kichwani.

"Nilisema ama uje leo, ama usije kabisa," alisema. "Fungua."

Mtandao wa kule unahitaji subira. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Isije ikawa memori," akasema.

"Ni mtandao tu, Baba."

Ikafunguka. Picha ikajaa kioo.

"Nisomee anavyoonekana."

Nimeiona picha ile miaka, lakini sikuwahi kuisoma kwa mtu. Nikaanza na tawi, kitumba, uso, meno. Nikafika kwenye nguo na macho yangu ya ufundi yakaamka. "Amevaa gauni la kitenge, la mauaua ya njano. Nililishona mimi hili. Mkono wa kulia unafika kwenye kiwiko, na wa kushoto..." Wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Katika nguo zote nilizowahi kumshonea, ndiyo iliyopigwa picha.

"Uliukosea," Bwana Shamba akasema. "Nilimwambia alirudishe. Akakataa, akasema fundi ataona aibu. Alilivaa hivyohivyo mpaka likachakaa." Alikuwa anatabasamu kuelekea pale alipodhani simu iko. Nililia, naye aliniacha nilie.

Nikamwambia, "Baba, paswedi ninazo mimi sasa. Nimwache hapa mbele? Mwezi mmoja tu. Hakuna atakayelalamika."

"Yaya. Huyo kisimani hakuwahi kumpita mtu na ndoo yake. Usimfundishe leo." Kisha akauliza, "Kesho nani?"

Alijua. Foleni nzima aliipanga yeye.

"Mama," nikasema.

"Bado ana mistari miwili?"

"Miwili."

"Wa kwangu ulimpa aya saba. Nilizihesabu wakati naona."

"Kila nikianza, Baba, naandika nilivyochelewa. Mzigo wa vitambaa. Siwezi kupita pale."

"Hiyo ni habari yako, si yake. Yeye alikuwa anafanya nini asubuhi?"

Sikuwa nimejiuliza. Binti wa Bwana Shamba alikuwa anatwanga upande wa pili wa nyumba, na nikaona kiwanja chetu cha Shishiyu chote kama kilivyokuwa.

"Alikuwa anafagia," nikasema. "Anaanzia mlangoni kwenda nje. Halafu anarudi ndani kwa kukanyaga pembeni kabisa, ukutani, ili asiharibu mistari ya ufagio. Alitaka wa kwanza kuikanyaga awe mgeni."

"Andika hiyo."

Nikaandika, kwa vidole viwili, palepale kwenye simu. Bwana Shamba alivua kofia, akaiweka gotini.

"Halafu?" akasema.